Kidole na Boga Changa

Fuateni maneno kitabuni ninapoyasoma.

Nyinyi mlioko Nungwi mmepata kuonywa: "Usilinyooshee kidole boga changa, litaoza." Kwa sababu hiyo mtoto hupigwa, na jirani aliyepita kondeni hudhaniwa ana husuda. Ardhi ya Nungwi ni ya mawe na udongo wake ni haba, kwa hivyo kila boga lioзalo ni hasara. Basi tutazame: ni nini hasa kinachooza boga?

Mmea wa maboga una maua ya namna mbili. Ua dume lina kikonyo chembamba, na ndani yake mna unga wa manjano uitwao chavua. Ua jike lina kiboga kidogo chini yake. Chavua isipofika katika ua jike, kiboga hicho hugeuka manjano, hunyauka, kisha huoza. Mchukuzi wa chavua ni nyuki, naye ana muda mfupi, kwani maua hufunguka alfajiri na hujifunga kabla ya adhuhuri.

Mwaka 1694 mtaalamu wa Ujerumani, Rudolf Camerarius, alieleza kwamba aliondoa maua dume ya mbarika, na mmea haukuzaa mbegu kamili.

Nanyi jaribuni. Jioni tafuteni maua jike 6 yatakayofunguka kesho, myafunge kwa kitambaa chepesi, nyuki asiingie. Asubuhi fungueni 3, myapake chavua ya ua dume, myafunge tena. Hayo yanyoosheeni kidole kila siku. Matatu mengine yaacheni yamefungwa, wala msiyanyooshee. Maua yakinyauka, ondoeni vitambaa. Baada ya siku 10 tazameni. Ikiwa mkosa ni kidole, yataoza yale ya kwanza. Ikiwa ni kukosa chavua, yataoza ya pili.

Maua 6 ni machache, na inzi wa matunda pia huozesha. Basi rudieni, na jirani ajaribu kwake.

Si kila neno la wazee ni la kutupwa. Kumkataza mtoto asiguseguse boga changa ni vyema, maana ngozi yake hukwaruzika upesi. Lakini msinyunyize dawa ya wadudu asubuhi maua yakiwa wazi, mtaua nyuki. Nyuki wakiadimika, pakeni chavua kwa mkono. Na jirani mwacheni apite kwa salama.

Zoezi: Andikeni sentensi 3 juu ya mliyoyaona. Kwaherini.