Sharti la Sewa Haji

Katika Mji Mkongwe wa Bagamoyo lingaliko jengo la ghorofa ambalo Sewa Haji, mfanyabiashara mwenye asili ya Bara Hindi, aliikabidhi serikali ya Wajerumani katika miaka ya 1890. Hakulitoa bure bure. Alitia sharti: liwe shule, na humo wasome watoto wa rangi zote. Fedha zake pia zilijenga hospitali ya Waafrika na Waasia mjini Dar es Salaam, wakati Wazungu walijengewa yao ufukweni, Ocean Road.

Tusimfanye malaika. Utajiri wake ulitokana na pembe za ndovu na misafara ya bara, na mizigo ile ilibebwa mabegani mwa wapagazi. Hata hivyo, sharti lake lina funzo: mtoaji hupimwa kwa mlango anaoufungua.

Baada ya Uhuru milango ilifunguliwa zaidi. Tangu Januari 1962 utengano wa rangi mashuleni ulikomeshwa kisheria. Mwaka 1963 shule ya udaktari ilianzishwa Dar es Salaam. Januari 1964 Mwalimu Nyerere aliagiza raia waajiriwe serikalini bila kujali rangi.

Umebaki mlango mmoja, nao umo ndani ya mashirika ya hisani yenyewe. Katika baadhi yao mwananchi ndiye ajuaye njia, lugha na wazee wa kijiji. Lakini baada ya miaka kumi angali mkalimani, akimfundisha kazi kila mgeni ajaye kuwa mkuu wake. Kumsaidia mtu huku ukimzuia kupanda ni dhuluma iliyovikwa kanzu ya wema.

Sheria ya mwaka 2015 kuhusu ajira za wageni humtaka mwajiri aandae mpango wa kurithisha ujuzi kwa raia. Basi maofisa wahusika wasiridhike na karatasi. Waulize: nani anafunzwa? Anafunzwa nini? Atashika nafasi hiyo lini? Nao vijana, kuanzia Bagamoyo na Mafia hadi Unguja na Pemba, wajifunze uhasibu na upangaji wa miradi, kwani cheo hakitolewi kama sadaka.

Hatumchukii mgeni, wala hatupimi uraia kwa rangi. Wahenga walisema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Jembe tumempa, na amelima vyema. Sasa amkabidhi mwenyeji mpini.