Ardhi ya Wana, Karatasi za Binti: Urithi wa Auchinleck

Wengi wetu tunamjua James Boswell kama yule mwandishi wa wasifu wa Samuel Johnson (1791), basi. Tukifika kwenye kurasa za mwaka 1776, zenye barua ndefu kuhusu urithi wa ardhi, tunaziruka. Hata mimi niliziruka mara ya kwanza, nikisema hayo ni mambo ya mawakili, si ya fasihi. Nilikosea, na makala haya yanajaribu kueleza kwa nini.

Kwanza, historia kwa ufupi. Auchinleck ni milki iliyoko Ayrshire, Uskoti. Mfalme James IV alimpa Thomas Boswell milki hiyo mwaka 1504. Thomas aliuawa pamoja na mfalme wake katika vita vya Flodden mwaka 1513, lakini ardhi ikabaki katika ukoo. Katika karne ya 17, mmiliki mmoja alikuwa na mabinti wanne, hana mtoto wa kiume. Aliwapita wote wanne, akamrithisha mtoto wa kiume wa ndugu yake. James anatokana na huyo.

Sasa hapo ndipo penye kiini. Baba yake James, Lord Auchinleck, aliyekuwa jaji, alitaka kuifunga milki kwa hati ili mrithi yeyote asiweze kuiuza. James aliafiki, ila alishikilia kwamba warithi wawe wanaume tu wa ukoo wa Thomas, hata wawe wa mbali vipi. Baba alitaka uzao wake mwenyewe utangulizwe, wanawake wakiwemo. James aliona dhamiri inambana: yeye mwenyewe anasimama juu ya kunyimwa kwa mabinti wanne, atawezaje kuigeuka kanuni iliyompa ardhi?

Johnson alimjibu kwamba kanuni hiyo ilikuwa na maana zamani, mwenye ardhi alipodaiwa kwenda vitani. Sababu ikiondoka, mwanamke anyimwe kwa lipi? Hati ilitiwa saini mwaka huo huo wa 1776, na James akarithi mwaka 1782.

Mhakiki asipuuze jambo hili: Boswell alizichapisha barua hizo mwenyewe, katika kitabu chake mwenyewe. Kama mrithi, anawafungia wanawake mlango. Kama mwandishi, anamwachia mpinzani wake nafasi ya kumshinda mbele yetu. Kwa maoni yangu, huo ndio ukubwa wake.

Na historia nayo ikamcheka. Katika miaka ya 1850, mjukuu wake Sir James, aliyekuwa na mabinti bila mtoto wa kiume, aliivunja ile hati mahakamani, kwa sababu sehemu ya neno moja muhimu ilikuwa imeandikwa juu ya mahali palipofutwa. Kitukuu chake Emily aliolewa mwaka 1873 katika ukoo wa Talbot wa Malahide, Ireland, na kupitia kwake karatasi za Boswell zikafika huko. Ralph Isham alizinunua mwaka 1927, Chuo Kikuu cha Yale kikazipata mwaka 1949, na shajara yake ya London ikachapishwa mwaka 1950.

Kwa hiyo, wenzangu, Boswell tunayemsoma leo tumeletewa na binti. Kurasa zile tusiziruke tena.