Kabla ya Kusifu Wastani, Tuhesabu Watoto



Matokeo ya kwanza ya KJSEA, mtihani wa gredi ya 9, yalitoka Desemba 2025. Tangu hapo swali linaloulizwa kwenye mikutano ni moja: "Shule yetu ilipata ngapi?" Si swali baya. Lakini wastani peke yake hauwezi kukuambia kama shule inasomesha vizuri, mpaka ujue ni watoto gani waliobaki darasani kuufanya mtihani huo.

Kwanza tuelewe mtihani wenyewe, maana wengi wetu bado tuna KCPE kichwani. KCPE ilifanywa mara ya mwisho mwaka 2023. Zamani mtoto aliweza kuzembea mpaka darasa la saba, halafu akabanwa darasa la nane na kupata alama zake kati ya 500. Sasa si hivyo. Sekondari msingi, yaani gredi ya 7, 8 na 9, ilianza mwaka 2023 ndani ya shule zetu za msingi. Kwa wale waliomaliza 2025, asilimia 20 ya alama ilitoka kwenye mtihani wa gredi ya 6, asilimia 20 kwenye kazi walizopimiwa na walimu gredi ya 7 na 8, na asilimia 60 kwenye mtihani wa mwisho. Masomo ni 9. Kila somo lina pointi 1 mpaka 8, kwa hivyo jumla ya juu kabisa ni 72.

Hiyo asilimia 20 ya katikati tuiangalie vizuri. Inakusanywa kidogo kidogo, darasani, mtoto akiwa yupo. Asiyekuwapo siku ya kazi hawezi kuipata kwa kukesha na vitabu wiki mbili za mwisho.

Sasa twende kwenye hesabu. Tuseme kuna shule mbili, A na B, na kila moja iliingiza watoto 50 gredi ya 7. Shule A ilifanyisha mtihani watoto 36, wastani wao pointi 40. Shule B ilifanyisha watoto 48, wastani wao pointi 36. Nani ameshinda? Sokoni watasema A. Lakini ngoja. Katika wale 48 wa shule B, tuseme 12 wa mwisho walipata pointi 24 kila mmoja. Kama hao 12 wangeacha shule kabla ya mtihani, wastani wa B ungepanda mpaka 40 sawasawa, na hakuna mtoto hata mmoja ambaye angekuwa amejifunza neno moja zaidi. Mnaona? Wastani unapenda watoto wanyonge waondoke. Ndiyo sababu mimi sishangilii namba kabla ya kuuliza ile hamsini ya kwanza iko wapi.

Na huku kwetu wanaondoka kwa njia zinazojulikana. Wavulana wa pwani ya ziwa wanavutwa na omena. Omena huvuliwa usiku kwa taa, na usiku wa giza ndio mzuri, kwa sababu mbalamwezi ikiwaka taa haina nguvu. Chukueni rejista ya darasa muilinganishe na mwezi mbinguni, mtaelewa mambo mengi. Mvulana wa miaka 14 aliyeshika pesa yake asubuhi ni vigumu kumrudisha kwenye dawati. Upande wa Ahero, mpunga ukikaribia kukomaa, wapo watoto wanaobaki shambani kufukuza ndege. Hawa hurudi, lakini wamekosa majuma.

Mafuriko nayo si mchezo. Mwaka 2024 muhula wa pili uliahirishwa nchi nzima mpaka Mei 13, na kwa watu wa bonde la Nyando kufunguliwa kwa shule hakukuwa na maana kubwa nyumba ikiwa bado ndani ya maji.

Wasichana ni habari nyingine, tena nzito. Akipata mimba, majirani humhesabu kuwa amemaliza masomo. Si kweli. Mwongozo wa Wizara ya Elimu wa mwaka 2020 unasema arudi shuleni baada ya kujifungua, na akiona haya kurudi pale pale, asaidiwe kupata shule nyingine. Tatizo mara nyingi ni nani atabaki na mtoto mchanga. Hapo kikundi cha akina mama kina uwezo kuliko ofisi yoyote.

Sisemi walimu hawana lao. Gredi ya 7 ilipoanza 2023, shule nyingi zilipata mwalimu mmoja tu wa kufundisha masomo yote, na maabara hakuna. Hilo nalo liulizwe, kwa heshima, kwenye mkutano wa wazazi. Lakini liulizwe pamoja na haya: gredi ya 7 waliingia wangapi, wavulana na wasichana? Gredi ya 9 wako wangapi? Waliotoka wamehamia shule nyingine au wako nyumbani? Wanaolelewa na nyanya peke yake ni wangapi? Mwalimu mkuu anayo majina. Msikubali jibu la "wengi wapo".

Jambo la mwisho ni cheti cha kuzaliwa. Serikali ilipoanzisha sekondari msingi ilitangaza Sh15,000 kwa kila mwanafunzi kwa mwaka, na pesa hizo hufuata watoto walioandikishwa kwenye mtambo wa Wizara. Kuandikishwa huko kumekuwa kukidai cheti. Mtoto asiye nacho anakalia dawati, lakini kwenye hesabu ya pesa anaweza kuwa hayupo. Mayatima wanaolelewa na nyanya ndio wengi hapa. Anzeni kwa naibu wa chifu, mkiwa na kadi ya kliniki. Ikiwa imepotea, kadi ya ubatizo inaweza kusaidia, na parokia huwa na kitabu cha majina. Vikundi vyenye mchango wa kila juma vinaweza kutenga zamu moja kwa nauli ya akina nyanya hao, kabla muhula wa kwanza haujaanza.