Kibao cha Pekee na Video Yake: Kutoka Seoul hadi Migori na Homa Bay

Katika muziki wa Korea Kusini uitwao K-pop, kibao cha msanii mmoja kina maana mahususi. Aghalabu msanii hufahamika kwanza ndani ya kundi, kisha hutolewa wimbo mmoja wa kuimba peke yake. Jennie wa kundi la BLACKPINK, kwa mfano, alitoa "Solo" mwezi Novemba 2018 na bado akasalia kundini. Wimbo wa aina hii huandamana na video, ambamo mavazi, rangi, mandhari na miondoko hubeba sehemu ya maana.

Kwa mtazamo wa fasihi simulizi, video ni utendaji uliohifadhiwa. Fanani yupo na ishara zake zipo. Kinachokosekana ni zamu ya hadhira. Katika ngoma za Waluo wa Migori na Homa Bay kuna desturi ya pakruok: msikilizaji hutoa fedha, muziki husimamishwa, naye hujisifu au kumsifu rafiki yake kwa mafumbo. Video haisimamishwi hivyo. Hadhira yake hutazama tu.

Je, picha ndizo zinazouvusha wimbo mipaka ya lugha? Mwaka 2012, "Gangnam Style" ya PSY, iliyoimbwa kwa Kikorea, ilikuwa video ya kwanza kutazamwa mara bilioni moja katika YouTube. Mfano huo unashawishi kujibu ndiyo. Hata hivyo, historia ya Nyanza Kusini inatoa jibu tofauti. Katika miaka ya 1970, mtayarishaji Phares Oluoch Kanindo, aliyewahi kuwa mbunge wa Homa Bay, alitoa santuri za benga za bendi kama Shirati Jazz. Santuri hizo zilifika hadi Zimbabwe zikiwa na nyimbo za Dholuo, bila picha yoyote ya video. Wasikilizaji wa huko walisoma jina lililoandikwa kwenye santuri, wakaufanya muziki wenyewe uitwe "kanindo". Jina la mtu likawa jina la mtindo. Gitaa pekee lilitosha kuuvusha wimbo.

Lakini kuvuka si kueleweka. Kiongozi wa Shirati Jazz, Daniel Owino Misiani, aliyezaliwa Shirati, upande wa Tanzania karibu na mpaka wa Migori, na kufariki mwaka 2006, alisifika kwa kuwasema watawala kwa mafumbo, mara nyingi akitumia wanyama. Aliyecheza benga bila kujua Dholuo alipata mdundo, akayakosa mafumbo. Mtazamaji wa video naye yumo katika hatari hiyo hiyo, na huenda yeye asitambue hasara yake, kwa kuwa macho yameshiba.

Wasanii hukabili tatizo hili kwa njia mbalimbali. Akothee, mwimbaji wa kujitegemea ambaye asili yake ni Migori, alitoa "My Sweet Love" mwaka 2016 akishirikiana na Diamond Platnumz wa Tanzania. Ushirika wa namna hiyo humfikisha msanii kwa hadhira pana ya Kiswahili. Njia nyingine ni ile inayowafaa sana wapenzi wa K-pop: msanii hubaki na lugha yake, na tafsiri huandikwa chini ya picha.

Njia hii ya pili ina umuhimu wa pekee kwa kaunti hizi mbili. Migori ni makazi ya Waluo, Wakuria, Wakisii na wengineo. Katika visiwa vya Homa Bay wapo Wasuba, ambao lugha yao imemezwa kwa kiasi kikubwa na Dholuo. Kijana wa Kikuria anayetazama video ya ohangla huona mavazi na uchezaji wa jirani yake, ilhali methali na masimango yanampita. Vivyo hivyo, wimbo wa Kisuba uliorekodiwa bila tafsiri utabakia sauti tu kwa wengi.

Hivyo basi, kazi inawasubiri wanafunzi wa tafsiri. Maandishi ya Kiswahili chini ya picha hayana budi kuwa mafupi, yaende sambamba na mdundo, na yaamue lini fumbo lifumbuliwe na lini liachwe lilivyo. Hilo ni zoezi la isimu na la fasihi kwa pamoja. Wahenga walisema macho hayana pazia. Maana ya wimbo inalo, na mfasiri ndiye wa kulifunua.