Podikasti Zisizo na Kelele

Ukimuuliza mwanachuo anasikiliza podikasti gani, atakutajia zilezile: ile ya mahusiano, ile ya kutafuta hela, na ile ya jamaa wawili wanaocheka saa nzima na mwisho hujui walikuwa wanacheka nini. Sina ugomvi nazo, zinafaa sana mtu akiwa anafua. Ila ziko nyingine ambazo hazina vipande vinavyozunguka kwenye magrupu, hazina matangazo ya kubeti, na kwa maoni yangu ndizo zinazomfaa zaidi mtu aliye chuoni.

Ninayoipenda kuliko zote inaitwa Until Everyone Is Free. Jina ni la Kiingereza, lakini kinachozungumzwa ndani ni Sheng ya Nairobi. Wanaoiendesha ni Stoneface Bombaa, mwanaharakati wa Mathare, na April Zhu, mwandishi wa habari, na wanasimulia maisha ya Pio Gama Pinto. Kama jina hilo ni geni kwako, usione haya, wengi wetu hatukulikuta darasani. Pinto alizaliwa Nairobi mwaka 1927 katika familia yenye asili ya Goa. Alipigania uhuru wa Kenya, Waingereza wakamweka kizuizini kisiwani Manda, kule Lamu. Baada ya uhuru akawa mbunge na hakuacha kuwasemea wasio na ardhi. Tarehe 24 Februari 1965 alipigwa risasi nje ya nyumba yake, binti yake mdogo akiwa ndani ya gari. Alikuwa na miaka 37 tu. Kijana aliyeitwa Kisilu Mutua alifungwa kwa mauaji hayo na akatoka gerezani mwaka 2001, na miaka yote hiyo alishikilia kwamba hakuua.

Hayo unaweza kuyasoma mahali pengine. Kinachonishika mimi ni lugha. Tumezoeshwa kuamini kwamba historia nzito lazima iandikwe kwa Kiingereza cha semina, chenye maneno ambayo hata anayewasilisha anayameza harakaharaka. Hawa wanauliza ardhi ni ya nani na uhuru ulimnufaisha nani, kwa maneno ya kijana anayesubiri kazi ya mjengo, na uzito haupungui hata kidogo. Mimi naona umeongezeka. Sisi wa upande huu wa mpaka Sheng itatutoa jasho, hilo siwafichi. Dakika kumi za kwanza utakuwa unarudisha nyuma kila mara, halafu sikio linazoea.

Kenya hiyohiyo kuna Nipe Story ya Kevin Mwachiro. Humo zinasomwa hadithi fupi za waandishi wa Kiafrika, basi. Hakuna mahojiano ya "tuambie safari yako". Nilizozisikia nyingi ni za Kiingereza, lakini kwa mtu wa fasihi ni njia rahisi ya kukutana na waandishi ambao vitabu vyao ni nadra kuviona dukani. Inafaa ukiwa kwenye daladala iliyojaa, maana kitabu pale hata kukifungua huwezi.

Kwa watu wa historia na siasa, tafuteni Africa Past and Present, iliyoanza mwaka 2008 Chuo Kikuu cha Michigan State kwa mikono ya wanahistoria wawili, Peter Alegi na Peter Limb. Wanamwalika msomi, wanamuuliza utafiti wake, wanamaliza. Alegi ni bingwa wa historia ya soka Afrika, kwa hiyo wapenzi wa mpira nanyi mna fungu lenu. Haina madoido wala muziki wa kusisimua, na kuna siku utasinzia. Lakini mwenye kuandika tasnifu anamsikia mwandishi wa kitabu akieleza mwenyewe hoja yake, na hiyo ni nusu ya kazi. Wa isimu wao wachukue Lingthusiasm ya Gretchen McCulloch na Lauren Gawne. Hutoka mara moja kwa mwezi, na maandishi ya kila kipindi yapo bure kwenye tovuti yao.

Sasa bando, maana najua ndipo wengi mnapoishia. Kipindi cha dakika 40 kikirekodiwa kwa kilobiti 128 kwa sekunde kinakula kama MB 38. Video ya muda huohuo inaweza kumaliza mara kadhaa ya hapo. Ukikipakua usiku kwa Wi-Fi ya chuo, siku inayotembea, kesho unasikiliza bure kabisa.

Na ni vizuri kupakua kwa sababu nyingine pia. Podikasti nyingi hazikai kwa kampuni moja. Kila moja ina anwani yake ya RSS, na programu ya simu kazi yake ni kuisoma anwani hiyo na kukuletea vipindi. Ndiyo maana hata ile ambayo simu haikupendekezei unaweza kuitafuta kwa jina au kubandika anwani yake. Mimi natumia AntennaPod kwenye Android, ni ya bure. Ubaya wake ni kwamba mafaili yenyewe yako kwenye seva ambayo mtu fulani anailipia. Siku fedha za mradi zikiisha, au mwenyewe akichoka, kipindi kinaweza kutoweka usikione tena. Kitabu kikiacha kuchapwa, angalau nakala inabaki maktaba, hata kama imeliwa na mende. Podikasti ndogo nyingi hazina hata hiyo maktaba. Kwa hiyo yale mazungumzo kuhusu Pinto nimeyahifadhi kwenye memori kadi, na anayeyataka aje na simu yake nimrushie.

Sheng ikikushinda, ulizia kwenye bloku yako, Mkenya hakosekani. Mpe sikio moja la hedifoni akutafsirie.