Pamba na Iitwe Pamba

Usiku mmoja baada ya sala ya Isha alinijia dada yangu, kitambaa mkononi na swali moyoni. Yeye na binti zake wawili hufuma kwa mkono vitambaa vya kufutia vyombo, uani kwao hapa Mazimbu. Nyuzi zao ni za pamba tupu. Mfanyabiashara mmoja alikuwa ameagiza vitambaa 60, akaahidi kulipa bei maradufu kwa sharti kwamba kikaratasi cha kila kitambaa kiandikwe "kitani".

"Kaka," akasema, "karo ya watoto yadaiwa. Neno moja tu, laweza kuwa haramu?"

Nami ni mjomba wa watoto hao, na kwetu Waluguru mjomba si mpita njia. Sikumjibu upesi.

Neno hilo lina mtego wake hapa kwetu. Ardhi ya Mazimbu ilikuwa shamba la mkonge kabla serikali haijawapa wapigania uhuru wa Afrika Kusini mwaka 1977, na nyuzi za mkonge ndizo tuziitazo katani. Basi asikiaye "kitani" hudhani ni kitu cha jirani. Sivyo. Kitani hutoka katika shina la mmea mwingine kabisa, wenye maua ya samawati, upendao nchi za baridi. Mashina yake huozeshwa kwa maji au umande ndipo nyuzi ziachane na mti. Waarabu huuita kattan, na pamba huiita qutn. Matamshi yanakaribiana, vitu viko mbali.

Kitani hunywa maji upesi, hukauka upesi, wala hakiachi manyoya juu ya gilasi. Kwa hiyo ni ghali. Lakini pamba nayo haina la kuonea haya. Ni laini, na kila ifuliwapo huzidi kufuta vizuri. Wazee wa mwambao waliisokota zamani sana. Vijigurudumu vyao vya kusokotea, vilivyochongwa katika vigae, vimefukuliwa Kilwa. Na Wafipa walifuma nguo nene za pamba hata nguo za viwanda vya ng'ambo zilipowashinda kwa bei.

Nikamkumbusha habari za Imamu Abu Hanifa, aliyekuwa mfanyabiashara wa nguo mjini Kufa. (Sisi wengi ni Mashafii, lakini katika uaminifu hakuna madhehebu.) Imesimuliwa kwamba mshirika wake aliuza nguo yenye kasoro, akasahau kumwonyesha mnunuzi. Mnunuzi hakujulikana tena aliko, na Imamu akaitoa sadaka fedha yote iliyopatikana, wala si ile ya nguo moja peke yake.

Dada akainamisha kichwa. Nami ningaliweza kuishia hapo nikajiona mwalimu mwema. Lakini nilikitazama kile kitambaa nikamwuliza, "Na vipimo uwaambiavyo watu, umevipima lini?"

Akanyamaza. Alikuwa amepima kitambaa kikiwa kipya: sentimita 50 kwa 70. Kikifuliwa hurudi, kikawa 45 kwa 63. Tena uzi wa mtande hupakwa uji wa wanga usikatike katika kufuma, na kabla uji huo haujafuliwa kitambaa hukataa maji; mnunuzi hufuta sahani ya kwanza akadhani ametapeliwa. Mambo haya mawili hakuwaambia wateja. Nami, nivitumiaye vitambaa hivyo nyumbani kwangu mwaka wa pili sasa, sikunena neno.

Siku ya pili walivifua vyote 60, wakavianika, wakapima upya. Kikaratasi kikaandikwa "pamba, kimekwisha fuliwa, 45 kwa 63". Mfanyabiashara alipofika alikisoma, akacheka, akachukua 20 kwa bei ya kawaida, akaenda zake.

Arobaini vikabaki. Dada huviuza kimoja kimoja, na mezani pake ameweka kimoja kikuukuu na bakuli la maji, atakaye ajaribu. Vimesalia 11. Karo imelipwa nusu. Nusu ya pili nimeichukua mimi.