Bweni Limejaa Kunguni, au Limevamiwa?

Mahali palipo na wadudu tele huwa unapaelezaje? Swali hili lilinipata mimi, kiranja wa bweni, muhula uliopita nilipomwandikia mwalimu wa zamu: "Bweni letu limejaa na kunguni."

Lo! Barua ilirudi na wino mwekundu. Hilo "na" lilikuwa limekatwa. Kitenzi "jaa" hakilihitaji: mtungi umejaa maji, bweni limejaa kunguni. Pembeni mwalimu aliuliza: "Wapi hasa?"

Hapo ndipo nilipoona faida ya ngeli ya mahali. "Bwenini kumejaa kunguni" ni kusema huko kwa jumla tu. "Kitandani pamejaa kunguni" ni mahali dhahiri, unaweza kupaonyesha kwa kidole. "Godoroni mmejaa kunguni" ni ndani, kwenye mishono. Ukijua ni ku, pa au mu, unajua pia pa kumwaga maji moto na cha kuanika juani!

Nikaandika upya, mara hii kwa mbwembwe: "Bweni limevamiwa na kunguni walioletwa na Kidato cha Kwanza." Hapa "na" ni halali, kwa sababu kitenzi kiko katika kauli ya kutendwa nasi tunamtaja mtenda. Lakini mwalimu akaniita.

"Sarufi safi," akasema, "ila mvamizi huja mwenyewe. Kunguni hana mabawa wala haruki. Husafiri kwa kubebwa mizigoni. Una hakika ni nani aliyembeba?"

Jumamosi tukatoa masanduku yote nje, tukakagua moja baada ya jingine. Jameni! Wa kwanza walipatikana katika sanduku langu, kwenye pindo la blanketi nililotoka nalo nyumbani. Wale wadogo zetu wa Kidato cha Kwanza waliinamisha vichwa wasinicheke. Niliwaomba radhi mbele ya bweni zima.

Basi wenzangu, "jaa" hueleza hali, "vamiwa" humtaja wa kulaumiwa. Nzige walivamia kaskazini mwa Kenya mwishoni mwa 2019. Hao walikuja kwa mabawa yao, neno linawafaa. Kunguni je? Wahenga walishatujibu: kikulacho ki nguoni mwako. Tazama vizuri, ni "mwako", wala si "kwako". Hiyo ni mu ya ndani kabisa.